Nani Aliyeona? Namna ya Kupima Chanzo cha Habari ya Kustaajabisha

Waraka huu umeandaliwa kwa ajili ya kaya zinazozungumza Kiswahili katika mtaa wa Fordsburg na mitaa jirani ya Johannesburg. Unahusu habari zinazofika kwa njia ya simu zikiwa na jambo la kushangaza, la kutisha au la kukasirisha, hasa zile zinazogusa afya: ugonjwa, chakula, dawa, chanjo na uzazi. Unaweza kusomwa na mtu mmoja, ama kusomwa kwa sauti mbele ya familia na kujadiliwa. Mwishoni pana zoezi.

Katika nyumba nyingi za Fordsburg simu huanza kulia baada ya sala ya Isha, wakati maduka ya Mint Road yangali wazi. Kundi la ukoo lina ndugu walioko Mombasa, Dar es Salaam, Bukavu na Muscat. Aliyeko Muscat ametuma picha aliyoipata kwa mtu wa Bukavu, inayosemwa kupigwa Johannesburg. Kisha wote wanamgeukia ndugu wa Fordsburg: “Wewe uko huko huko. Ni kweli?” Akijibu “nimesikia hivyo”, jibu lake huanza safari nyingine, na kesho yake litasimuliwa kwamba mtu aliyepo Johannesburg amethibitisha. Hivyo ndivyo mtu asiyeona kitu chochote anavyogeuzwa kuwa shahidi.

Lengo la somo hili ni kumwezesha msomaji kujua nani ni shahidi na nani ni mpitishaji tu.

1. Watoto tisa na watoto kumi

Mwaka 2021, katika muda wa wiki tano tu, habari mbili zilizofanana mno zilizunguka dunia. Moja ilikuwa kweli, nyingine haikuwa.

Ya kwanza ilitoka Casablanca, nchini Moroko. Tarehe 4 Mei serikali ya Mali ilitangaza kwamba mama mmoja raia wa Mali amejifungua watoto tisa, wasichana watano na wavulana wanne. Mama huyo alikuwa amepelekwa Moroko mwezi Machi ili apate uangalizi wa kitaalamu, na picha za mimba yake zilikuwa zimeonyesha watoto saba. Habari yenyewe ilikuwa ngumu kuaminika. Hata msemaji wa Wizara ya Afya ya Moroko, alipoulizwa mwanzoni, alijibu kwamba hakuwa na taarifa ya uzazi huo. Lakini haukupita muda mkurugenzi wa kliniki ya Ain Borja akajitokeza kwa jina na cheo chake, akaeleza uzazi ulivyokwenda, umri wa mimba na hali ya watoto. Watoto walionekana na kupigwa picha ndani ya mashine za kutunzia watoto njiti. Mwezi Desemba 2022 wote tisa walirejea Mali wakiwa hai.

Ya pili ilitoka hapa hapa Gauteng. Tarehe 8 Juni gazeti la Pretoria News liliandika kwamba mama mmoja wa Tembisa, mwenye umri wa miaka 37, amejifungua watoto kumi, wavulana saba na wasichana watatu. Hospitali ilisemwa tu kuwa iko Pretoria. Hakuna daktari aliyetajwa, wala muuguzi aliyenukuliwa. Habari ilisimama juu ya maneno ya wazazi wenyewe. Hata hivyo vyombo vikubwa vya habari vya nje viliibeba, na kwa siku chache dunia nzima ilishangilia. Watu wakaanza kuchanga fedha. Baadaye baba mwenyewe akaomba michango isitishwe, kwa kuwa hakuwa amewaona watoto hao.

Kabla ya mwezi huo kwisha, serikali ya jimbo la Gauteng ilieleza kwamba hakuna hospitali ya jimbo, ya umma wala ya binafsi, yenye kumbukumbu ya uzazi huo, na kwamba vipimo vya kitabibu vilionyesha mama hakuwa na mimba siku za karibuni. Mhariri aliyeiandika habari hiyo aliwaomba radhi wenzake. Alikiri kwamba aliichukulia kama habari ya kufurahisha, akategemea maneno ya wazazi, wala hakuichunguza kwa ukali ambao angeutumia katika habari nyingine.

Ungamo hilo lina funzo kubwa. Habari ya huzuni au ya ufisadi ingemfanya mhariri adai nyaraka. Habari ya furaha ilimlegeza. Vivyo hivyo msomaji huwa mwangalifu kwa habari asiyoipenda, na mwepesi kwa ile inayomfurahisha au inayothibitisha jambo alilokwisha kuliamini. Ni vema pia kukumbuka kwamba katikati ya kisa hiki palikuwa na mama aliyehitaji matibabu na faragha. Kumcheka hakumsaidii mtu, na ndiyo sababu waraka huu haumtaji kwa jina.

2. Kilichozitofautisha

Wengi hudhani kwamba uongo hutambulikana kwa ajabu yake. Visa hivi viwili vinaonyesha vinginevyo. Watoto tisa si jambo la kawaida kuliko watoto kumi. Mtu aliyepima kwa ajabu peke yake angezikataa habari zote mbili, ama angezikubali zote mbili, na kwa vyovyote angekosea nusu. Tofauti ilikuwa katika chanzo, na chanzo hupimwa kwa maswali manne.

Swali la kwanza: Nani aliyeona kwa macho yake? Uzazi wa namna ile unahitaji madaktari wengi, wauguzi, chumba cha upasuaji na mashine. Casablanca watu hao walikuwapo na wakasema. Pretoria hakusema hata mmoja. Habari inayotaja “madaktari”, “wataalamu” au “mtu wa ndani” bila jina wala mahali pa kazi haijamtaja yeyote.

Swali la pili: Ni wapi hasa, na ni lini? Jina la hospitali, mtaa na tarehe humwezesha mtu mwingine kwenda kuuliza. Habari isiyo na mahali haiwezi kukanushwa, na kwa sababu hiyo hiyo haiwezi kuthibitishwa. Picha nazo huulizwa swali hili. Mara nyingi picha ni ya kweli, ila ni ya nchi nyingine au ya miaka mingi iliyopita. Simu nyingi zinaweza kuitafuta picha mtandaoni na kuonyesha ilikotokea mwanzo. Kijana wa nyumbani anaweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika moja.

Swali la tatu: Je, mashahidi wamefika kwa njia mbalimbali, au wote wamesikia kwa mmoja? Hapa ndipo watu wazima na wasomi huteleza. Mwezi Juni 2021 mtu aliweza kusema: “Nimeisoma katika magazeti kumi.” Lakini magazeti hayo yalirejea gazeti moja, na gazeti hilo lilirejea familia moja. Watu kumi waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja. Jambo hili si geni kwa waliosoma madrasa. Wanachuoni wa hadithi hawakutosheka na uzuri wa maneno. Waliuliza nani kapokea kwa nani, kama wawili hao walikutana, na kama kila mmoja katika mnyororo huo alijulikana kwa ukweli na kumbukumbu. Mahakama nazo huitazama kwa hadhari kauli ya mtu aliyesikia kwa mwingine. Ujumbe ulioandikwa juu yake kwamba umesambazwa mara nyingi ni mnyororo ambao pete zake zote zimepotea.

Swali la nne: Habari hii inanitaka nifanye nini, na kwa haraka gani? Ikimtaka mtu atume fedha, aache dawa, asimpeleke mtoto chanjo, au amchukie jirani, basi inadai bei kubwa, na ushahidi wake sharti uwe mkubwa kwa kadiri hiyo. Maneno kama “sambaza kabla haijafutwa” humzuia mtu asiulize maswali matatu ya mwanzo.

Kupima chanzo hakumaanishi kumwamini kila ofisa. Wahamiaji wengi wana sababu zao za kuziogopa ofisi, na ofisa anaweza kuchelewa au kutojua, kama yule msemaji wa Moroko. Basi msomaji asiulize tu ni ofisi gani imesema, bali aulize imefanya nini kabla ya kusema. Ilikwenda mahali penyewe? Ilichukua sampuli? Ilizipima wapi? Ikiwa haijafanya hivyo, kusubiri ni jibu halali. Mtu aliyesema “bado sijui” tarehe 9 Juni 2021 ndiye aliyekuwa na jibu sahihi siku hiyo.

3. Chakula, sumu na maduka ya wageni

Kisa cha watoto kumi kiliishia kwenye aibu. Vipo visa vya Johannesburg vilivyoishia kaburini, na hivyo vinazihusu moja kwa moja kaya zinazosoma waraka huu.

Mwaka 2017 na 2018 Afrika Kusini ilipatwa na mlipuko mkubwa wa listeria, ugonjwa wa bakteria wanaoingia kupitia chakula. Waliothibitika kuugua walikuwa zaidi ya 1,000, na zaidi ya 200 walifariki. Miongoni mwa wagonjwa walikuwamo watoto wachanga wengi. Kwa miezi mingi chanzo hakikujulikana. Mwezi Januari 2018 watoto wadogo wa kituo kimoja cha kulelea watoto Soweto walifikishwa katika hospitali ya Chris Hani Baragwanath wakiwa na homa na kuharisha. Daktari wa watoto alishuku chakula, akatoa taarifa. Wakaguzi wa afya ya mazingira walikwenda kituoni na kuchukua nyama ya kusindika aina ya poloni iliyokuwa katika friji. Maabara iliwakuta bakteria wale wale. Nyama ilifuatiliwa hadi kiwanda kimoja cha Polokwane, na vinasaba vya bakteria wa kiwandani vikalinganishwa na vya wagonjwa. Tarehe 4 Machi 2018 Waziri wa Afya alitangaza chanzo. Msomaji aone jinsi kila pete ya mnyororo huu ilivyo na mtu, mahali na tarehe.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huo huo mnyororo wa namna nyingine ulienea. Video na picha zilidai kwamba wageni wenye maduka madogo, yale yaitwayo spaza, wanauza chakula bandia. Maduka yaliporwa Soweto, na watu walipoteza maisha. Waliofunga safari ya kwenda kupora hawakuwa wamesubiri matokeo ya maabara yoyote.

Mwaka 2024 jambo zito zaidi lilitokea. Mwezi Oktoba watoto sita wa Naledi, Soweto, walifariki baada ya kula vitafunio. Mara hii hatari ilikuwa ya kweli kabisa. Lakini mitandaoni kulienea maelezo kwamba wageni wanawawekea watoto sumu kwa makusudi. Vipimo vilionyesha kwamba watoto waliuawa na terbufos, dawa kali ya wadudu iliyoruhusiwa kwa matumizi ya kilimo tu, ambayo huuzwa barabarani kinyume cha sheria kama sumu ya panya. Tarehe 15 Novemba 2024 Rais Cyril Ramaphosa alilihutubia taifa. Alisema angalau watoto 22 walikuwa wamefariki kwa chakula chenye sumu, kwamba hapakuwa na ushahidi wa kampeni ya makusudi ya kuwapa watoto sumu, na kwamba bidhaa hizo zinaweza kuuzwa katika duka la mwenyeji sawa na katika duka la mgeni. Maduka yote yaliamriwa kusajiliwa.

Hapa pana funzo la pili. Habari ya uongo yaweza kusimama juu ya kifo cha kweli. Watoto walikufa, hilo ni yakini, ila kisa kilichosimuliwa kuhusu vifo vyao hakikuwa na shahidi. Chanzo cha kweli kilionyesha la kufanya: kuondoa terbufos mitaani, kupambana na panya, kuzoa taka, kutenga sumu na chakula. Chanzo cha uongo kilionyesha mtu wa kupigwa. Laiti kila duka la mgeni lingefungwa siku ile, sumu ingebaki katika ndoo za wauzaji wa barabarani, na panya wangebaki majumbani.

Kwa hiyo kaya zinashauriwa zisinunue sumu ya panya isiyo na lebo, iwe ya chembechembe au ya kimiminika, na zisiiweke sumu yoyote karibu na chakula au mahali mtoto anapofika. Dalili za sumu ya aina hii ni kutokwa na mate na jasho jingi, kutapika, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo sana, kupumua kwa shida na degedege. Mgonjwa asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali upesi, ama ipigwe simu ya gari la wagonjwa, 10177, au 112 kwa simu ya mkononi. Ushauri kuhusu sumu hutolewa kwa namba 0861 555 777, mchana na usiku.

4. Zoezi la familia

Ujumbe ufuatao ni wa kubuni, lakini unafanana na mingi inayopita. Mmoja ausome kwa sauti, kisha wengine waupime kwa maswali manne.

“Assalaam alaikum jamaa zangu. Msinunue mchele wa maduka ya Fordsburg, madaktari wamethibitisha ni plastiki. Watu wengi wamelazwa. Video hii hapa, ukiufinyanga tonge ukalidunda linaruka kama mpira. Mtumieni kila mnayempenda kabla haijafutwa.”

Nani aliyeona? “Madaktari”, wasio na jina. Wapi? Duka halikutajwa, wala hospitali. Mashahidi wangapi? Video moja, isiyojulikana ilipigwa nchi gani. Inataka nini? Haraka, na hasara kwa wafanyabiashara wa mtaa mzima.

Ama lile tonge, mchele ni wanga, na wanga uliopikwa ukikandamizwa hushikamana na kuweza kuruka. Uvumi huu una historia. Mwezi Desemba 2016 maofisa wa forodha wa Lagos, Nigeria, walikamata zaidi ya magunia 100 na kutangaza kuwa ni mchele wa plastiki. Maabara ya mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ikaupima, na ikakuta ni mchele halisi, ila una bakteria kupita kiwango kinachoruhusiwa. Aliyesema “plastiki” alikosea, na aliyesema “basi hauna neno” naye angekosea. Kipimo ndicho kilichojua.

Jinsi ya kumjibu mtumaji nayo ni sehemu ya zoezi. Mara nyingi mtumaji ni mkubwa, na ametuma kwa mapenzi. Kumwaibisha mbele ya ukoo hakumrekebishi. Jibu la heshima laweza kuwa hivi: “Shikamoo shangazi. Ahsante kwa kutujali. Unajua mchele huo ulipimwa wapi na nani? Tukipata jibu tutawaambia wote.” Swali hilo halimkanushi mtu, na linatosha kuusimamisha ujumbe.

5. Yanayopendekezwa kwa kila kaya

Ujumbe unaotisha usisambazwe usiku ule ule ulipofika. Habari ya kweli itakuwa bado kweli asubuhi, na mara nyingi itakuwa na maelezo zaidi.

Dawa ya kila siku, kama ya kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu au virusi vya ukimwi, isiachwe kwa sababu ya ujumbe wa simu. Chanjo ya mtoto nayo isiahirishwe kwa sababu hiyo. Ujumbe upelekwe kliniki na kuonyeshwa muuguzi ama mfamasia.

Kuhusu milipuko ya magonjwa, taarifa hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Magonjwa ya Kuambukiza, iliyoko Johannesburg, pamoja na Idara ya Afya. Kuhusu chakula chenye kutiliwa shaka, kihifadhiwe pamoja na pakiti yake na risiti, kisha wajulishwe wakaguzi wa afya ya mazingira wa jiji. Pakiti iliyotunzwa ina thamani kuliko video elfu. Africa Check, shirika lililoanzishwa mwaka 2012, huchunguza madai yanayoenea barani Afrika, na PesaCheck huchapisha baadhi ya uchunguzi wake kwa Kiswahili.

Aliyekwisha kusambaza jambo lisilo kweli alirekebishe katika kundi lile lile alilolituma. Kulifuta kimya kimya hakuwafikii waliokwisha kulisoma.

Na ndugu wa Muscat au Bukavu akiuliza, “Wewe uko huko huko, ni kweli?”, mkazi wa Fordsburg ana majibu matatu ya uaminifu: “Nimeona mwenyewe”, “Nimemuuliza aliyeona”, au “Sijui bado.” Hilo la tatu lisionewe haya. Mbali na hapa, kuna watu wanaoamua wafanye nini kwa kutegemea neno lake, na karibu na hapa, kuna mwenye duka ambaye usalama wake unategemea neno hilo hilo.